Kutolewa kizazi katikati ya umri: Ovari zibaki au ziondoke? Swali la wanawake wa Arua na Koboko

Barabara ya lami inayoanzia Vurra kwenye mpaka wa Kongo, ikapita Arua na Koboko na kuishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Kwa wafanyabiashara ni njia ya bidhaa. Kwa wagonjwa ni njia ya rufaa, kwa kuwa hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Arua huhudumia eneo zima la West Nile, pamoja na watu wanaovuka mipaka hiyo miwili kutafuta tiba. Miongoni mwa wasafiri hao wamo wanawake wa makamo ambao wameambiwa kwamba kizazi chao hakina budi kuondolewa.

Sababu zinajulikana. Mmoja anavuja damu nyingi kila mwezi hadi anaishiwa nguvu, mwingine ana uvimbe wa faibroidi uliokua kama mimba ya miezi mitano, na mwingine kizazi kimeshuka baada ya uzazi mwingi. Mtu aliyeteseka kwa miaka mingi hahitaji kushawishiwa sana. Anataka maumivu yaishe arudi shambani au sokoni. Ndiyo maana swali la pili, ambalo kwa afya yake ya miaka ijayo huenda likawa zito kuliko la kwanza, hupita kwa urahisi bila kuulizwa: baada ya kizazi kuondolewa, ovari zibaki au nazo ziondoke?

Neno moja, viungo viwili

Sehemu ya tatizo imo katika lugha yenyewe. Kwa Kiswahili cha kila siku watu husema mwanamke "ametolewa kizazi". Neno hilo hubeba mambo mengi kwa pamoja: mfuko unaolea mimba, uwezo wa kuzaa, hata watoto na wajukuu watakaofuata. Halielezi ni kiungo gani hasa kilichokatwa na kipi kilichoachwa. Mwanamke anayerudi Koboko na kuwaambia dada zake kwamba ametolewa kizazi anaweza kuwa amepoteza mfuko wa uzazi peke yake, au mfuko huo pamoja na mirija na ovari zote mbili. Kwa msikilizaji, habari ni ile ile. Kwa mwili wake, tofauti ni kubwa.

Kizazi ni mfuko wa msuli. Kazi yake ni kubeba mimba, na damu ya hedhi hutoka humo. Ovari ni tezi mbili ndogo zilizo kando yake, zinazohifadhi mayai na kutengeneza homoni za estrojeni, projesteroni na kiasi cha testosteroni. Kizazi kikiondolewa na ovari zikaachwa, hedhi hukoma lakini homoni huendelea kutengenezwa. Ovari zote mbili zikiondolewa kwa mwanamke ambaye bado hajafikia ukomo wa hedhi, homoni hizo hushuka ghafla. Safari ambayo kwa kawaida mwili huifanya kwa miaka kadhaa, kati ya umri wa miaka 45 na 55 kwa wanawake walio wengi, hukamilika ndani ya siku chache.

Matokeo ya karibu ni joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, ukavu ukeni na mabadiliko ya hisia. Ya mbali hayaonekani haraka: mifupa hupoteza uimara, na hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka. Hata baada ya ukomo wa hedhi ovari hazilali kabisa, kwani huendelea kutoa kiasi kidogo cha homoni za aina ya testosteroni.

Hofu ya saratani na uzito wake

Kwa miongo mingi madaktari katika nchi nyingi walifundishwa kanuni nyepesi: mwanamke akiwa amevuka miaka 45, na tumbo likiwa tayari limefunguliwa, ovari ziondolewe pia ili zisije kuota saratani. Hoja hiyo si ya kubezwa. Saratani ya ovari hujificha, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kusambaa tumboni. Mwanamke aliyeondolewa ovari amejikinga nayo kwa kiasi kikubwa sana.

Lakini kinga hupimwa kwa ukubwa wa hatari inayozuiwa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kwa mwanamke wa kawaida, asiye na historia ya ugonjwa huo katika ukoo, uwezekano wa kupata saratani ya ovari katika maisha yake yote ni zaidi kidogo ya mtu 1 kati ya 100. Magonjwa ya moyo na kuvunjika mifupa uzeeni huwapata wanawake wengi zaidi.

Utafiti uliobadilisha mjadala huu ulichapishwa mwaka 2009 na Daktari William Parker na wenzake, kutokana na kumbukumbu za wauguzi wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 24. Wanawake 29,380 waliokuwa wametolewa kizazi kwa sababu zisizo za saratani waligawanywa katika makundi mawili: walioondolewa ovari na walioachiwa. Walioondolewa walipata saratani ya ovari na ya matiti kwa kiwango cha chini. Hata hivyo, vifo kwa jumla vilikuwa vingi zaidi upande wao, na hatari ya ugonjwa wa moyo ilikuwa kubwa zaidi. Watafiti hawakupata umri wowote ambao kuondolewa ovari kuliongeza urefu wa maisha.

Utafiti huo una mipaka yake. Wauguzi hao hawakupangiwa upasuaji kwa kura, na walio wengi walikuwa Wazungu wa Marekani, wenye chakula, kazi na hospitali tofauti na za West Nile. Huwezi kuchukua tarakimu zake ukazibandika Koboko kama zilivyo. Lakini utendaji wa estrojeni katika mfupa na mshipa wa damu haubadiliki kwa kuvuka mpaka, na utafiti mwingine ulielekeza upande huo huo. Mwaka 2006 kundi la Daktari Walter Rocca wa Kliniki ya Mayo lilieleza kwamba wanawake walioondolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45 walikufa mapema zaidi kuliko wenzao, na kwamba ongezeko hilo lilionekana hasa kwa wale ambao hawakupewa estrojeni baadaye.

Uhaba unaovuta pande mbili

Maneno hayo ya mwisho, "ambao hawakupewa estrojeni", ndiyo yanayolifanya swali la Arua kuwa tofauti na la London au Chicago. Katika nchi tajiri, mwanamke anayeondolewa ovari akiwa na miaka 42 hushauriwa atumie dawa za homoni hadi afikie umri wa kawaida wa ukomo wa hedhi, karibu miaka 51. Dawa hiyo haifuti hasara yote, ila huipunguza. Mashaka yaliyozushwa na jaribio kubwa la Marekani lililositishwa Julai 2002 yalihusu mchanganyiko wa homoni mbili, uliotolewa kwa wanawake wenye kizazi. Asiye na kizazi anaweza kutumia estrojeni peke yake, na tawi la jaribio hilo lililowahusu wanawake wa aina hiyo halikuonyesha ongezeko la saratani ya matiti. Lilionyesha ongezeko la kiharusi, jambo ambalo daktari hulipima kwa kila mgonjwa, hasa mwenye shinikizo la damu.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali ovari ziondolewe, mwanamke wa Koboko anahitaji jibu la jambo la kawaida kabisa. Dawa hiyo inapatikana wapi, kwa bei gani, na kwa miaka mingapi? Malipo katika vituo vya afya vya serikali nchini Uganda yalifutwa mwaka 2001, lakini dawa isiyokuwepo kwenye rafu ya hospitali hununuliwa duka la dawa kwa fedha ya mgonjwa. Kidonge kinachohitajika kila siku kwa miaka tisa ni ahadi ndefu kwa familia inayotegemea mavuno ya msimu. Pale ambapo ahadi hiyo haiwezi kutimizwa, ovari yenye afya ndiyo duka la dawa lililo karibu zaidi, na halidai hata shilingi.

Upande wa pili nao una hoja, na pia inatokana na uhaba. Daktari wa upasuaji anaweza kusema: mgonjwa huyu ametoka mbali, na huenda asirudi. Ovari ikija kuota uvimbe miaka mitano baadaye, nani atauona? Nani atamlipia nauli, na nani atambakia na watoto wakati wa upasuaji wa pili? Tumalize kazi leo. Ni kweli kwamba baadhi ya wanawake walioachiwa ovari hurudi chumba cha upasuaji kwa ajili ya maumivu au uvimbe wenye maji.

Hata hivyo, sehemu moja ya hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika, nayo ni ile ya uchunguzi. Ni rahisi kudhani kwamba mwanamke wa Ulaya huachiwa ovari kwa sababu huko kuna vipimo vya kuigundua saratani mapema, na kwamba asiye na vipimo hivyo aondolewe tu. Uingereza ilifuatilia zaidi ya wanawake 200,000 waliovuka ukomo wa hedhi, baadhi yao wakipimwa damu na kupigwa picha za ultrasaundi kila mwaka. Matokeo ya mwisho yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba uchunguzi huo haukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Kwa maneno mengine, katika jambo hili mwanamke wa Arua hayuko nyuma ya mwenzake wa London kiasi kinachodhaniwa. Wote wawili hawana kipimo cha kutegemewa, na mwenzake wa London bado anashauriwa kuziacha ovari zake zikiwa nzima na asipokuwa na hatari ya kurithi.

Lipo jambo jingine linalostahili kusemwa kwa uwazi. Ovari iliyoachwa haiahidi kufanya kazi hadi mwisho wa muda wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kwamba baada ya miaka minne, ovari zilikuwa zimeacha kufanya kazi kwa asilimia 14.8 ya waliotolewa kizazi, ikilinganishwa na asilimia 8 ya wanawake wenye kizazi. Na kwa kuwa hedhi imekwisha kukoma, mwanamke hana dalili ya kila mwezi ya kumjulisha. Anapaswa kuambiwa mapema kwamba joto la ghafla na jasho la usiku ndizo ishara zake.

Njia ya katikati

Mjadala mara nyingi huwekwa kana kwamba kuna milango miwili tu. Katika miaka ya karibuni umefunguliwa wa tatu. Wataalamu wa magonjwa ya saratani wamegundua kwamba aina kali na ya kawaida zaidi ya saratani ya ovari mara nyingi haianzii ndani ya ovari, bali kwenye ncha ya mrija wa uzazi ulio jirani nayo. Tangu mwaka 2010 madaktari wa jimbo la British Columbia nchini Kanada wamehimizwa kuondoa mirija yote miwili wanapotoa kizazi, na kuziacha ovari mahali pake. Taarifa ya mwaka 2022 iliwahusu wanawake zaidi ya 25,000 waliofanyiwa hivyo. Hakuonekana hata mmoja aliyepata aina hiyo kali ya saratani, ilhali takribani watano walitarajiwa. Idadi ni ndogo na miaka ya kuwafuatilia bado haijawa mingi, lakini mwelekeo unatia moyo.

Kwa hospitali ya mkoa, uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji mashine mpya. Mirija hutolewa katika upasuaji ule ule, na mwanamke aliyekwisha kumaliza kuzaa na asiye na kizazi haihitaji tena. Kinachohitajika ni daktari kulikumbuka jambo hilo, na mgonjwa kuliuliza.

Wale ambao jibu lao ni jingine

Wapo wanawake ambao kwao kuziacha ovari ni kosa. Mwenye saratani ya ovari, au uvimbe wa ovari wenye dalili za kutiliwa shaka, hana mjadala huu. Mara nyingi mwenye saratani ya ndani ya kizazi pia huondolewa zote. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Uganda, ina sheria zake: ikigunduliwa mapema kwa mwanamke kijana, wakati mwingine ovari huweza kunusurika.

Kundi jingine ni la wenye hatari ya kurithi. Mwanamke mwenye kasoro katika kinasaba cha BRCA1 ana uwezekano wa kati ya asilimia 39 na 58 wa kupata saratani ya ovari, na kwa BRCA2 ni kati ya asilimia 13 na 29. Dunia ililisikia jambo hili Machi 2015, pale mwigizaji Angelina Jolie alipoeleza kwamba ameondolewa ovari na mirija kwa sababu hiyo. Kasoro hizo si za Wazungu peke yao. Zimepatikana pia kwa wagonjwa wa saratani ya matiti nchini Uganda.

Kipimo cha vinasaba ni ghali, lakini kumbukumbu za ukoo hazina bei. Mama alikufa kwa nini? Shangazi, bibi, dada wa tumbo moja? Hapa West Nile ina ugumu wake, kwa kuwa kifo cha zamani huenda kikakumbukwa tu kwamba "tumbo lilivimba" au hata kwamba "alirogwa". Tumbo lililovimba kwa mama na kwa dada yake, au titi lililooza kwa mwanamke ambaye hakufika miaka 50, ni habari ambazo daktari anapaswa kuzisikia kabla ya kuosha mikono.

Na kuna wale ambao wangeweza kusubiri. Uvimbe wa faibroidi hulishwa na homoni, na kwa kawaida husinyaa baada ya ukomo wa hedhi. Mwanamke wa miaka 49 ambaye damu yake inaweza kudhibitiwa kwa dawa ana haki ya kuuliza kama upasuaji wenyewe ni wa lazima.

Nani anaamua, na kwa lugha gani

Hati ya Haki za Wagonjwa, iliyotolewa na Wizara ya Afya ya Uganda mwaka 2009, inampa mgonjwa haki ya kuelezwa ugonjwa wake na ya kukubali au kukataa tiba. Lakini haki iliyoandikwa kwa Kiingereza hufika wodini baada ya kupita katika lugha nyingi. Mjini Arua daktari anaweza kuwa mzaliwa wa kusini au magharibi mwa nchi. Mgonjwa anaweza kuwa Mlugbara, Mkakwa wa Koboko, Mnubi, mkimbizi wa Kikongo kutoka kambi ya Lobule au Msudani Kusini anayezungumza Kiarabu cha Juba. Kiswahili huwa daraja la wengi wao. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na Katiba ilikuwa imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Hata hivyo, kuitambua lugha ni jambo moja, na kuwa na mtu anayeweza kueleza kwa lugha hiyo tofauti ya kizazi na ovari ni jambo jingine.

Asipokuwepo mtu huyo, kazi ya kutafsiri humwangukia aliye karibu: mume, kaka, au binti wa shule. Binti huona haya kutaja viungo vya mama yake. Mume huenda akauliza swali lake mwenyewe, kama mkewe atabaki kuwa mke, badala ya lile la mgonjwa. Swali lake si la kuchekwa, na jibu lipo: kutolewa kizazi peke yake hakumwondolei mwanamke uke wake, na ukavu unaotokana na kukosa homoni unatibika. Lakini sahihi inayotakiwa kwenye fomu ya ridhaa ni ya mwanamke mwenyewe akiwa mtu mzima na mwenye akili timamu, na maelezo yanapaswa kumfikia yeye.

Karatasi anayopewa anaporuhusiwa kurudi nyumbani nayo inastahili kusomwa. Herufi TAH humaanisha kwamba kizazi chote kimeondolewa kupitia tumboni. Zikifuatiwa na herufi BSO, maana yake ni kwamba mirija na ovari za pande zote mbili zimeondolewa pia. Herufi hizo tatu za mwisho zitamsaidia muuguzi wa kituo cha afya miaka kumi baadaye, mgonjwa atakapofika akilalamika kwamba hapati usingizi, au atakapoanguka uani na kuvunjika nyonga. Karatasi ikipotea, hakuna atakayejua.

Kwa mwanamke anayepanda gari asubuhi Koboko kuelekea Arua, maswali ya kubeba si mengi. Je, ovari zangu zina ugonjwa, au zinaondolewa kwa tahadhari tu? Katika ukoo wangu kuna jambo la kuogopa? Mkiziondoa, nitapata wapi dawa ya kufidia, na hadi lini? Mkiziacha, mnaweza kuiondoa mirija? Na mkifungua tumbo mkakuta jambo msilolitegemea, mnaniomba ruhusa ya kufanya nini? Daktari mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Yanachukua dakika chache, na wakati wake ni kabla ya sindano ya usingizi, kwa maana ovari ikishaondolewa hairudishwi.